Kalibu Isiyoshika Kutu

Niliondoka Singida kwa sababu ya kutu. Kikundi chetu cha akina mama wanane kilikuwa kinapika sabuni ya mafuta ya alizeti, na sabuni yenyewe ilikuwa nzuri, sioni haya kusema. Ubaya ulikuwa kwenye kalibu, lile umbo la chuma tunamogandamizia sabuni ili kila kipande kitoke na sura yake. Sabuni mbichi inakula chuma. Kila kipande kilitoka na michirizi ya kahawia. Zamani watu wangevumilia, lakini hii ilikuwa miaka ya ruksa, milango ya biashara imefunguliwa, maduka yamejaa sabuni za nje zenye karatasi za kung'aa. Nani ataacha hizo achukue yenye madoa?

Bi Mwanaidi, mkubwa wetu kikundini, hakuzunguka. "Jumatatu tunakutana. Ukirudi mikono mitupu, tunagawana masufuria na kila mtu anarudi kwake." Nikasema sawa, lakini roho iliniuma. Kikundi kile nilikianzisha mimi, na sikuwa na kazi nyingine.

Jumanne alfajiri nilipanda lori la vitunguu, nikiwa na ile kalibu na kapu la sabuni mbichi. Hadi Babati nilishameza vumbi la kutosha kujengea nyumba. Jioni tuliingia Arusha, nikalala Sekei kwa binamu yangu. Nilikuwa na kanga mbili tu, na baridi ya huko haina adabu. Binamu alinicheka, kisha akanipa sweta la mumewe.

Jumatano asubuhi nilifika Ngaramtoni, kwenye barabara ya Nairobi, kumtafuta Mzee Lomayani. Nilikuwa nimeambiwa kwamba alitengeneza kalibu kiwandani miaka mingi, na kiwanda kilipofungwa akahamishia ufundi wake nyumbani, nyuma ya zizi la ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, yeyo," akaitikia, maana ndivyo wanavyomwita mama kule. Akaigeuza kalibu yangu mara moja, akaiweka chini. "Hii mpe mtu wa vyuma chakavu. Chuma na sabuni haviwezi kukaa nyumba moja."

Akanionyesha mikebe miwili ya resini, ile gundi nzito ambayo mkebe mmoja ni gundi na wa pili ni dawa ya kuikaza. Sabuni haiidhuru, alisema, ila peke yake ni laini na itachakaa. Kauri ni ngumu, ila peke yake inapasuka. "Ukizifungisha ndoa, kila moja inasitiri udhaifu wa mwenzake."

Kauri yake ilikuwa sahani zilizovunjika na vikombe vyeupe vya nguzo za umeme. Tulitwanga, tukachekecha kwa kitambaa, mkewe Mama Neema akishika upande wa pili. Mzee akapima resini na dawa yake, akachanganya na ule unga polepole ili povu lisiingie, akamimina juu ya kielelezo cha mti chenye sura ya kipande cha sabuni, kilichopakwa nta ya mshumaa, likawa donge zito. "Sasa tuliache. Asiliguse mtu."

Hapo ndipo nilipoharibu. Baba yangu alikuwa mwashi, na mimi nimekua nikijua kwamba zege bichi linamwagiliwa maji lisije likapasuka. Ule uji wa kijivu mbele yangu ulikuwa saruji tupu kwa macho. Jioni, nikijiona mtu mwema, nikachota maji kikombe kizima nikalimwagia.

Alhamisi asubuhi juu yake palikuwa peupe, panateleza na kunata kama ugali usioiva.

"Nani kalinywesha maji?"

"Mimi, mzee." Nikamweleza habari za zege. Akacheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akaniambia kwamba resini haitaki maji, na kwamba iliyobaki inatosha kalibu moja tu, na nyingine itatoka Nairobi mwezi ujao. Nilikwenda zizini nikalia, wala sikujificha.

"Tena si maji peke yake," mzee alisema niliporudi. "Baridi hii nayo inailaza. Kiwandani tulikuwa na tanuri la joto dogo."

Mama Neema alikuwa anakamua. "Lifukieni kwenye samadi. Ile mpya inafuka moshi kila asubuhi."

"Mke wangu, hii ni kazi ya kiwandani."

"Basi subirini kiwanda kifunguliwe."

Mzee alitia mkono ndani ya samadi hadi kiwiko. Joto lilikuwa kama la mtoto mwenye homa, wala halikuwa la kuunguza. Akautoa mkono, akaenda kuchukua mikebe.

Tulimimina mara ya pili mchana. Jioni, lilipoanza kushika, tulilifunga kwa nailoni na majani ya mgomba, tukalifukia. Ijumaa nzima nilizunguka lile rundo kama kuku anayetaka kutaga, na Mama Neema akanipa majani ya ng'ombe nikate ili mikono isikae bure.

Jumamosi asubuhi tulifukua. Harufu niiache. Mzee akakwaruza kwa msumari, na msumari haukuacha alama. Tukaifunga kalibu kwenye mashine yake ya kugandamizia, tukagandamiza sabuni yote niliyokuja nayo. Kipande baada ya kipande kilitoka cheupe, kingo zimekaa sawa. Nikamkumbatia Mama Neema na maziwa aliyoyashika yakamwagika.

Jumapili nilipata lori la kurudi, kalibu nimeipakata njia nzima. Nilijifunza kwamba ujuzi wa kazi moja unaweza kuua kazi nyingine, na kwamba kuuliza kungenipunguzia machozi.

Jumatatu niliwakuta wenzangu uani. Masufuria yalikuwa yameshapangwa mafungu manane. Nilifunga kalibu kwenye mashine yetu, nikagandamiza, nikampa Bi Mwanaidi kipande cha kwanza. Akakigeuza huku na huku akitafuta doa. Akachota maji, akanawa uso palepale, akajifuta kwa ncha ya kanga. Kisha akainama, akaanza kurudisha masufuria jikoni.