AC haipoozi? Kabla hujamwita fundi, sikia ya friji yetu iliyosimamishwa kichwa chini Kaloleni

Niaje wakuu. Na kama humu kuna aliyenizidi umri, shikamoo yake, ingawa sidhani kama yupo.

Mimi ni bibi ya watu. Niliolewa Kaloleni, Nairobi, mwishoni mwa miaka ya hamsini, na hapa natype mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa mnyamaze. Sina sababu ya kuwadanganya, kwa umri huu nitapata nini?

Nimesukumwa na uzi wa yule kijana anayelia kwamba AC yake inavuma tu na hewa inatoka ya moto. Mmemwambia ni gesi, mmemwambia ni compressor, mwingine kamwambia auze anunue feni. Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Wakuu, haya mambo mimi nimeyaona kabla wazazi wenu hawajazaliwa!

Tuanze mwanzo.

Mume wangu Salim alikuwa mtu wa reli, na tulipewa nyumba Kaloleni. Nyumba nzuri, kiuwanja mbele, majirani wa kila kabila. Stima ndani hatukuwa nayo. Taa ni za mafuta, jiko la makaa, basi.

Sasa mama yake Salim, Bi Mwanaisha, alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila siku lazima adungwe sindano. Daktari alisema kile kichupa cha dawa kikae mahali pa baridi, lakini kisigande. Mombasa alikuwa akikaa kwa binti yake, wifi yangu Halima, ambaye kwa mwajiri wake kulikuwa na friji.

Mimi nilimtaka aje akae kwetu.

Najua mnacheka. Mke gani anataka mama mkwe nyumbani? Mimi, wakuu! Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, na wakati huo nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, naogopa hadi kivuli changu. Bi Mwanaisha alikuja kwenye harusi akanishika mkono akaniita mwanangu, na kuanzia siku ile nikawa wake.

Nilimsumbua Salim mpaka akatafuta friji. Aliipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka aliyekuwa amenunua ya stima. Hii yetu ilikuwa ya mafuta ya taa. Ndiyo, friji ya mafuta ya taa! Chini ina tangi na utambi kama taa kubwa, moto unawaka, na ndani panakuwa na barafu. Msiniulize vipi. Nilielezwa mara nyingi na mpaka leo naona ni uchawi.

Ilikuja kwa mkokoteni, mtaa mzima ukatoka nje kuitazama. Nilitembea mbele yake kama ndiyo bibi harusi na mimi ndiye somo wake wa kumfunda.

Mama akaja na treni. Salim akawasha friji, kesho yake barafu hii hapa! Tukakitia kichupa ndani. Nilifurahi nikashindwa kula.

Sasa Mama alikuwa fundi wa kudarizi. Nyinyi mmezikuta hizo nyumba, kila kiti kina kitambaa, kila meza ina kitambaa, redio ina kitambaa. Kwetu kitu cha thamani hakikai uchi. Mama akaiangalia friji akasema, "Mwanangu Zuhura, huyu mgeni tumemkaribisha bila nguo."

Akaanza kushona. Kitambaa kizito cha drili, ndani bitana ya amerikani, waridi jekundu kila pembe, na mbele kabisa herufi za jina langu na la Salim. Macho yake yalikuwa yamepungua kwa sababu ya sukari, kwa hivyo alijidunga vidole mara kwa mara akawa anavinyonya huku anashona. Alikipima vizuri sana. Kikafunika juu, ubavuni, na mgongoni mpaka karibu na sakafu, na akaacha tundu la bomba la moshi kwa sababu si mjinga.

Kilipovishwa, friji ilipendeza, wallahi.

Siku zilizofuata, barafu ikayeyuka. Kichupa cha dawa nikakishika kina uvuguvugu.

Salim akasema ni utambi. Akaukata, akausafisha, moto ukatoka kwenye njano ukawa wa buluu safi. Wapi! Akasema ni sakafu. Na kweli ile sakafu ilikuwa na mteremko, ukimwaga maji ya kupigia deki yote yanakimbilia mlangoni. Tukaweka kipande cha mbao chini ya mguu mmoja, tukaweka bakuli la maji juu tuone kama yamelala sawa. Yamelala sawa kabisa, friji bado vuguvugu.

Wifi Halima akapata habari. Akatuma neno na mtu wa treni kwamba hatuwezi kucheza na maisha ya mama yao, arudi Mombasa. Salim akaniambia, "Ana haki. Ikifika Jumapili ya mwisho wa mwezi friji haijapona, Mama anapanda treni."

Nililia kwenye sufuria ya mchuzi.

Ndipo akaja jirani yetu Owino, mtu wa kazi ya kaunsili, baraza la jiji, mpole lakini mshindani. Akaizunguka friji kama anainunua. "Shemeji," akaniambia, "hizi zinapinduliwa. Unaisimamisha kichwa chini, dawa yake ya ndani inarudi mahali pake."

Salim akasema huyu anatuchezea. Lakini mtu akizama anashika chochote. Tukamwaga mafuta, tukatoa rafu za ndani, Mama akakivua kitambaa chake na kukikunja, wanaume wakashika. Wee! Kelele zile! Huyu anasema inua, yule anasema shusha, Mama Atieno mke wa Owino anapiga kelele mguu wa mume wake utakatika. Friji ikasimama kichwa chini kwenye uwanja wetu mchana kutwa, na watu wakawa wanapita kuiamkia.

Jioni tukaigeuza, tukaiwasha.

Asubuhi, barafu!

Nilipiga vigelegele nikiwa na kanga moja, majirani wakaitikia. Owino alitembea siku ile kama gavana. Mama akatabasamu, akakikunjua kitambaa chake, akaivisha friji.

Wakuu, nyinyi mmeshaelewa. Sisi hatukuelewa! Baada ya siku kidogo maji tena. Owino akasema, "Inataka kurudiwa." Tukairudia. Sasa mtaani ikawa inaitwa friji ya sarakasi, watoto wanaimba.

Lakini hii mara ya pili, wakati wa kumwaga mafuta, kitambaa kikaingia mafuta ya taa. Mama akasikitika, akakifua, akakianika. Ilikuwa ule msimu wa baridi ya Nairobi, jua hakuna, na drili yenye bitana haikauki leo wala kesho.

Friji ikapoza. Ikapoza tu. Barafu siku zote. Owino akasema sasa imepona.

Jumamosi asubuhi kitambaa kikakauka. Mama akakipiga pasi ya makaa, akakivisha. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Saa sita nikafungua friji nichukue maziwa, nikaona kisanduku cha barafu kimeanza kutoa jasho.

Nikasimama pale. Nikakitazama kile kitambaa. Nikapeleka mkono nyuma, chini ya bitana.

Mtume! Moto kama pasi! Vile vyuma vya mgongoni ndivyo vinavyotema joto nje, na sisi tumevivika koti.

Nilitaka kuruka. Nilitaka kumwita Owino, Mama Atieno, mtaa mzima. Halafu nikageuka nikamwona Mama chumbani, anapanga kanga zake kwenye sanduku, kwa sababu Salim alikuwa ameshaona ile barafu inayeyuka na kumwambia kesho ni safari.

Nimwambie nini? Mama, kazi yako ya mikono ndiyo inayokurudisha? Vidole vile alivyojidunga? Nikamvuta Salim nje nikamweleza. Akanisikiliza, akashika kichwa, akasema, "Mwambie wewe."

"Ni mama yako!"

"Ndiyo maana."

Mwanamume yule alikuwa akipanda juu ya injini bila kuogopa, lakini kumwambia mama yake hivyo aliona afadhali afe. Akaenda zake kutafuta mtu wa kubeba sanduku.

Nilizunguka jikoni. Nikaingia chumbani, nikatoka. Mama akaniuliza, "Una nini, mwanangu?" Nikasema kichwa. Akanipaka mafuta ya karafuu kwenye paji la uso, akarudi kufunga sanduku lake. Alipolifunga kwa kamba, ndipo nikapasuka. Nililia kwa sauti kama mtoto.

"Mama, nguo yako inaiua friji!"

Akanitazama. Akaenda mpaka kwenye friji, akaingiza mkono nyuma ya kitambaa, akauacha hapo muda mrefu, mpaka nikaogopa ataungua. Nikajua nimemvunja moyo.

Kumbe anacheka! Mabega yanatikisika, anacheka mpaka machozi. "Maskini ya Mungu. Mtoto ana homa, nami namvika blanketi!"

Nikacheka na mimi, pua inatiririka. Halafu akanigeukia, na safari hii hakuwa anacheka.

"Zuhura. Ulikuwa uniache nipande treni kwa kunionea haya?"

Nikajifuta pua kwa ncha ya kanga, wakuu.

"Mimi kwa kukupenda naweza kukosea. Ukinyamaza, naendelea kukosea. Lete mkasi."

Akaukata mgongo wote wa kile kitambaa. Bila kusita, kraa kraa, mawaridi mawili yakaenda na kile kipande. Akabakiza cha mbele na cha juu, chenye majina yetu. Kamba ya sanduku akaifungua mwenyewe. Salim aliporudi na mbebaji alikuta mama yake amekaa mkekani anakunja pindo la kofia ya mtoto kwa kile kipande cha waridi.

Mwanangu wa kwanza alivaa kofia ile. Mama ndiye aliyempakata wa kwanza, kwenye nyumba ile ile, na friji ikiwa na barafu. Alikaa nasi mpaka siku yake ya mwisho. Kofia ninayo, waridi limepauka lakini lipo.

Haya. Sasa nirudi kwa AC, maana najua mtasema bibi katoka nje ya mada.

Mimi sasa nakaa Mowlem, hapa hapa Nairobi, kwa mjukuu wangu, ghorofa ya juu kabisa, chini ya mabati. Joto la hapa msiulize. Mjukuu anafanyia kazi nyumbani na mashine zake, na mkewe Faith ana mtoto mchanga, kwa hivyo wakaweka AC. Wiki hii ikaacha kupoza. Mtoto akatoka vipele vya joto shingoni. Mjukuu akamwita fundi, fundi akasema atakuja, mnajua mafundi.

Faith akawa anazunguka. Anaingia chumbani kwangu, anatoka. Namuuliza, una nini mwanangu? Anasema kichwa.

Nikausoma ule uso. Wakuu, nywele zilinisimama. Uso ule ni wangu! Ni mimi jikoni Kaloleni!

Nikasimama na fimbo yangu mpaka balcony. Ile mashine ya nje, ile inayotema joto, ilikuwa imevaa. Imevaa kitambaa kizuri cha kudarizi, maua pande zote, nilichoishonea mwenyewe mwezi uliopita isiingie vumbi. Nikapeleka mkono chini yake.

Moto kama pasi.

Nikageuka, Faith yuko mlangoni na mtoto begani, macho yamejaa maji. Nikamwambia, "Mwanangu, ulikuwa umwache huyu mtoto apikwe kwa kunionea haya mimi?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Basi lete mkasi," nikasema. "Na nipe mtoto nimpime kichwa, nimshonee kofia."

Kwa hivyo wewe kijana wa ule uzi, kabla hujanunua gesi, toka nje uone mashine yako imefunikwa na nini. Halafu mwangalie aliyeifunika, umwambie kwa upendo, leo, kabla hajafunga sanduku.

Na nyinyi wengine semeni hapo chini, nani nyumbani kwenu anavisha vitu visivyotaka nguo? Andikeni kwa herufi kubwa, macho yangu si yale.