Miche ya Musambya

Nilipofika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kutoka Kivu Kusini, kilima cha nyuma ya nyumba yetu kilikuwa kimebaki nyasi na visiki. Visiki navyo tulivichimbua, maana maharagwe hayaivi bila kuni.

Ng'ambo ya kilima aliishi mama mmoja Mnyankore, mfugaji. Mpakani mwa shamba lake ulisimama musambya, mti wa asili wa huku, wenye maua ya njano. Siku moja alinikuta nimekata tawi lake. Nilijua atanipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Badala yake aliniambia nichukue kuni zangu, akanipa na maganda makavu ya mbegu nikapande.

Nilipanda kama maharagwe, na hakikuota kitu. Alipokuja kuangalia, alichokoa udongo kwa kidole.

"Hii mbegu iko nyepesi kama karatasi," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Wewe nazika kama maiti. Weka juu, funika na nyasi kidogo."

Safari hii ziliota. Nikahamishia miche kwenye mifuko myeusi ya plastiki, lakini kiangazi kilipokolea niliugua tumbo. Nilipelekwa hospitali huko Ruharo, Mbarara, nikapasuliwa, nikalala wiki tatu. Maji nyumbani hayakutosha hata kupikia, kwa hiyo miche nilishaikatia tamaa.

Niliporudi niliikuta mibichi, chini ya kivuli cha nyasi. Binti yangu mkubwa aliniambia kwamba yule mama alikuwa akija na dumu lake la maji kuwafulia nguo, na maji ya kusuuzia akawa anaimwagia miche.

Nilimfuata kwake polepole, nimeshika mshono. Nilikuwa nimepanga maneno mengi, lakini nilipofika yalinitoka mawili tu: "Aksanti mingi."

"Nguo zilikuwa chafu, miti ilikuwa na kiu," akajibu. "Nilifanya kazi moja." Akanikalisha, akanipa maziwa.

Mvua iliponyesha tulipanda pamoja kilimani. Michache ilikufa, mingi sasa imeipita nyumba yangu kwa urefu, na ndege ambao sikuwahi kuwaona huku wanalala humo. Juzi, katikati ya misambya, tuliona mche wa mutoma, aina ya mkuyu, ambao hakuna aliyeupanda. Bila shaka mbegu ililetwa na ndege. Yule mama alichuchumaa akauangalia kwa muda, kisha tukakata miiba, tukauzungushia ili ng'ombe wake wasiule.