Chungu cha Majivu

Juzi vijana walifyeka ukingo wa mto chini ya nyumba yangu, wapate pa kujenga, wakachoma majani. Moshi ukaniingilia dirishani, moshi mzito wa tope na samaki, unaoacha chumvi ulimini. Nimechoka siku hizi, magoti yamenikataa, lakini moshi ule uliniinua kitini. Bon, niwaambie ninyi, maana watoto wangu hawana muda.

Majani yale hayapendi nchi kavu. Mizizi iko topeni, shina linalala juu ya maji kama kamba, na mto ukipanda, nayo yanapanda. Samaki wadogo wanajificha chini yake. Jani linakata, na shina lina vinyweleo vya kukuwasha mpaka asubuhi. Mama alikuwa anayakata amesimama majini mpaka kiunoni, mimi napokea ndani ya mtumbwi. Tunayakausha, tunayachoma, majivu tunayatia katika chungu kilichotobolewa chini. Anamwaga maji juu, yanatoka tone kwa tone, rangi ya chai. Hayo ndiyo anayochemsha mpaka ibaki chumvi ya kijivu. Pondu, mboga yetu ya majani ya muhogo, yenye chumvi ile hamtaionja tena.

Kwetu, mama anayechuja chumvi hasemi. Tone likidondoka, kinywa kinafungwa, la sivyo chumvi inaharibika. Sisi watoto tulifaidi: tuliiba karanga mbele ya macho yake. Jioni alitulipiza zote kwa pamoja.

Tonton alikuja siku ya namna hiyo. Alikuwa mdogo wa baba, na baba alikuwa ameshakufa.

"Semeki," akamwambia mama, ndivyo shemeji wanavyoitana kwetu, "mutoto huyu nitaenda naye Isangi. Muke wangu iko peke yake na kazi ya samaki. Masomo ya binti, donc, itakupatia nini?"

Nilikuwa ndiyo kwanza najua kuandika jina langu. Niliandika kila mahali, hata kwenye majivu. Nikamtazama mama. Macho yake yalikuwa kwenye chungu.

"Unanikalia kimya kama samaki ya kukauka? Kama unakataa, sema!"

"Mama, sema!" nikalia.

Aliinua kidole chenye majivu, akakiweka mdomoni. Tonton akapiga mapaja, akacheka. "Alors, amekubali!"

Hapo tone likaacha kudondoka. Nilionyesha chungu kwa kidole, nikidhani hajaona. Sasa atasema! Mama akachota maji mengine, akayamwaga juu ya majivu yaleyale.

Kesho yake nilipanda mtumbwi wa tonton, na kifurushi cha chumvi ndani ya jani. Kipande cha majani kilichokatika ukingoni kilitelemka pamoja nasi, kimesimama wima kama bado kiko kwake.

Sikurudi shuleni. Nilipasua samaki, nikauza samaki, nikanunua mashua yangu. Nyumba hii ya matofali hakuna aliyenijengea. Lakini miaka mingi nilimwekea mama moyo mgumu: alinipima na chumvi, chumvi ikashinda. Alipokufa nililia kidogo tu.

Kisha mume wangu naye akafa. Ndugu zake wakaja, wakakaa uani kwangu, wakapanga nani amchukue mtoto yupi. Mimi, mdomo huu mnaoujua, nilishika ufagio. Nikafagia ua niliokwisha kuufagia asubuhi. Nikafagia tena. Ningefungua kinywa ningelia mbele yao, na sahani za watoto zilikuwa tupu.

Ufagio ukiwa mkononi, ndipo nilipokiona kile chungu. Mama aliyesikiliza tone maisha yake yote, asijue limekwisha? Yale maji ya pili niliyaona kwa macho yangu, nikiwa nimechuchumaa pale, nikisubiri aseme. Hayakuwa na rangi ya chai, wala chumvi ndani yake. Yalitoka meupe, meupe kabisa, na mama aliyatazama yakidondoka mpaka tonton alipoondoka.