Maksai wa Kidato cha Pili

Mimi ni mtoto wa Malampaka, nimekulia karibu na stesheni, na ng'ombe niliwajua kwa maziwa na mchuzi tu. Nilipokwenda Kasoli kujitolea kufundisha Kiingereza, sikujua kwamba kidato cha pili kizima, wasichana kwa wavulana, walikuwa wachungaji na waongoza maksai wa kulimia.

Mada ilikuwa maneno ya kueleza tabia za mwanafunzi darasani. Niliandika ubaoni "attentive", anayesikiliza kwa makini, "stubborn", mkaidi, "disruptive", mvurugaji, "patient", mvumilivu. Nikamwomba mmoja aeleze tabia ya jirani yake. Akainamia daftari lake. Wa pili naye akageukia dirisha. Kwetu Usukumani kumwita mwenzako msumbufu mbele ya mwalimu ni kumchongea, na kumsifu usoni ni kama kumtania. Nikawa nafundisha ukuta. Mkuu wa shule alikuwa ameshanionya: mthibiti ubora wa shule akija kukagua akakuta darasa limepooza hivyo, vipindi vyangu atapewa mwingine, nami nirudi nyumbani. Niliipenda mno kazi ile.

Asubuhi moja uvumilivu ukaniishia. Nilipiga ubao kwa kiganja, nikawaambia kama kuelezana kumewashinda, basi waeleze hata ng'ombe wa kwao.

Mikono ikaruka juu darasa zima. Mmoja alisema dume la kwao ni "disruptive", likiingia zizini hakuna anayetulia. Mwingine alikuwa na mtamba "stubborn", havuki mto mpaka aimbiwe. Msichana wa dirishani akakiri kwamba maksai wao anayefungwa nira upande wa kushoto ni "attentive" kuliko yeye mwenyewe, tukaangua kicheko. Maneno ya ubaoni yakaisha, wakadai mengine. Mvivu anaitwaje? Mwenye wivu je? Na yule anayejifanya mgonjwa akiona jembe? Nilikimbilia kamusi ofisini, nikarudi mbio, chaki imenijaa hadi kwenye nyusi. Nilifurahi hata kengele sikuisikia.

Mthibiti ubora alipokuja, mzee mwenye mvi, aliketi nyuma pamoja na mkuu wa shule. Ng'ombe walipita mmoja baada ya mwingine kwa Kiingereza safi, na mimi nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Ndipo mzee akasimama akasema anataka kitu kisichofanyiwa mazoezi. Waeleze tabia za mwalimu wao.

Nikajua nimekwisha. Mtoto wa huku hachambui tabia za mkubwa aliyesimama mbele yake, hata umwahidi nini. Vichwa vyote viliinama. Mkuu wa shule alinitazama kama anayeniaga.

Msichana yule wa dirishani akainuka, macho sakafuni, akauliza kwa Kiingereza kama anaruhusiwa kumweleza mwalimu kwa mfano wa ng'ombe. Mzee akakubali.

Akaeleza polepole kwamba kwao yupo maksai mmoja anayetangulia mbele ya jembe. Ni "patient". Ni "noisy" kidogo, sauti yake husikika mpaka kwa majirani. Wengine wakichoka, yeye huendelea kuvuta, na wao wakiona anavuta, huvuta pia. Darasa zima likawa linanitazama mimi kwa pembe ya jicho, midomo imebanwa isicheke.

"Anapiga teke?" mzee aliuliza, safari hii kwa Kiswahili.

"Akikasirika anapiga, baba," msichana akajibu. "Lakini tukimuuza, hatulimi."

Nilitaka kucheka, nikakuta machozi yameshanitangulia. Nikageukia ubao nikajifanya nafuta maneno, huku moyo ukinidunda kwa furaha. Nyuma yangu mzee alikuwa anacheka kwa sauti. Kisha nikamsikia mkuu wa shule, mtu asiye na desturi ya utani, akimwambia mgeni wake, "Huyu hapelekwi mnadani."