Nukta Zangu Katika Wimbo wa Babu

Sanduku la babu lilinuka wino wa stensili, mshumaa na tumbaku kavu, na harufu hiyo ilibaki chumbani kwetu, mtaani Msamala, miezi kumi na moja baada ya yeye kuzikwa. Babu alikuwa mwalimu wa kwaya ya kigango chetu tangu enzi ambazo nota zilichorwa kwa kalamu ya chuma juu ya karatasi ya stensili na kutolewa nakala kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Mashine ilikufa, lakini mkono wake ulibaki na tabia ileile: aliandika kwa kukandamiza, hata ukipitisha kidole nyuma ya ukurasa unakisikia kila alichoandika upande wa pili. Ndani ya sanduku kulikuwa na daftari moja la jalada gumu, na kwenye kurasa zake mbili za mwisho kulikuwa na wimbo ambao hakuwahi kumfundisha mtu. Aliumaliza wiki chache kabla ya kufa. Mama, aliyeirithi kwaya kutoka kwa baba yake huku baadhi ya wanaume wa besi wakinuna, alikuwa ametangaza kwamba wimbo ule utaimbwa kwenye misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Hapakuwa na nakala nyingine.

Mimi nilikuwa na miaka kumi. Kipupwe kile ukungu ulishuka kutoka milima ya Matogoro ukakaa hadi saa nne asubuhi, na sisi watoto tulipukuchua mahindi yaliyoletwa kutoka shambani Maposeni mpaka vidole gumba vikachubuka. Ujira wangu ulikuwa kushinda Jumamosi dukani kwa mjomba Kastuli, kule Majengo, alikokuwa akikodisha sidii za filamu. Ndiko nilikoiona ile katuni ya watawa wa Ayalandi. Ilikuwa imetiwa Kiswahili na kijana mmoja wa Dar es Salaam ambaye aliigiza sauti zote, za watawa, za mabata na za maadui, na alipokosa la kutafsiri alituambia tu tutulie, mambo bado. Hadithi yenyewe ilikuwa ya zamani sana. Watawa wanaishi kisiwani, ndani ya ukuta wa mawe, wakiandika kitabu kitakatifu kwa mkono, na herufi ya kwanza ya kila ukurasa imejaa nyoka, majani na mafundo ya rangi. Baharini wanakuja wavamizi wanaochoma kila wanachokikuta. Mvua nyembamba ya huko ilifanana mno na ya kwetu, nikaamini kabisa kwamba Ayalandi iko mbele kidogo ya Njombe.

Kilichonikamata hasa ni mtawa mmoja mzee. Moshi ulikuwa unaingia dirishani, wenzake wanakimbia na mizigo, naye ameinama anaizungushia herufi kubwa nukta ndogondogo, moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia. Mtafsiri wetu aliacha mizaha yake kwa dakika moja, akasema mzee anaweka nukta ili kitabu kijue kwamba kinapendwa. Sijui kama ndivyo ilivyosemwa katika lugha yao. Mimi nilimwamini, nikarudi Msamala kwa miguu nikilifikiria daftari la babu, jinsi lilivyokuwa tupu na kavu, bila hata ua moja.

Kesho yake, wazazi walipokwenda kumtembelea mgonjwa, nilifungua sanduku. Nilikuwa na penseli za rangi tano, lakini mtawa alianza na nukta, basi nami nikaanza na nukta. Nilichukua kalamu ya babu mwenyewe, ya bluu, kwa sababu niliona ndiyo yenye haki. Nilizungushia herufi za nota, zile za do, re, mi, nikapanga nukta kati ya mistari, nikajaza sehemu zilizoonekana zina upweke. Niliweka taratibu na kwa heshima, kalamu ikigusa karatasi kidogo tu. Sikuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Rangi niliziacha kwa siku nyingine, na siku hiyo haikufika, maana jioni mama alilichukua daftari kwenda mazoezini.

Nilimfuata, nikakaa benchi la nyuma kusubiri watu wauone uzuri wa wimbo wa babu. Mama alinakili ubaoni. Waimbaji walianza, wakajikwaa. Wakaanza tena, sauti ya kwanza wakakatika katikati ya neno, besi wakafika mwisho peke yao. Mama aligonga meza kwa fimbo. "Mnasoma nini? Nukta inagawa pigo. Ukikuta nukta na mbele yake pako wazi, unanyamaza. Imbeni kama ilivyoandikwa." Nilikuwa nimekulia miguuni pa kwaya, nikidhani nukta za kwenye madaftari yao ni za kupambia tu, kama ushanga. Kumbe katika nota zetu nukta ndiyo inayomwambia mtu mzima lini afungue mdomo na lini aufunge.

Siku kumi zilifuata ambazo sizitamani hata kwa adui yangu. Kila mazoezi wimbo ulizidi kuharibika, na kila mazoezi mama alirudi nyumbani akiwa amekonda zaidi, au ndivyo nilivyomwona. Nilipukuchua mahindi bila kuinua kichwa. Mara tatu nilifungua mdomo nimwambie, mara tatu nikaomba maji ya kunywa. Nilijipa moyo kwamba watu wazima watajua wenyewe, kama wanavyojua mambo yote. Halafu ikafika Alhamisi, siku tatu kabla ya misa. Mzee Otmar, kiongozi wa besi na rafiki wa babu tangu ujana, alivua kofia yake, akasimama.

"Mwalimu, samahani," alisema. "Marehemu tulimpenda wote. Lakini alikuwa anaumwa. Mimi naona akili ilikuwa imeshaanza kumtoka. Tumwimbie wimbo mwingine, tusimwaibishe."

Wanawake wawili waliitikia kwa vichwa. Mama alilitazama daftari muda mrefu, kisha akalifunga, na kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akasema, "Labda kweli." Niliona aibu iliyonichoma hadi masikioni. Wavamizi wa kwenye katuni walikuja na moto, mimi nilikuja na kalamu ya bluu, na sasa babu yangu alikuwa anaitwa punguani mbele ya kwaya yake mwenyewe, na binti yake anakubali.

"Si babu," nilisema kutoka nyuma. "Ni mimi. Nukta nimeziweka mimi."

Watu waligeuka. Mama alinifuata hadi benchi la mwisho, nikajikunja kungoja kofi. Hakunipiga. Aliuliza moja tu: "Zipi?" Nikamjibu kwamba sikumbuki, na hapo ndipo nilipoanza kulia. Mzee Otmar ndiye aliyelichukua daftari, akauinua ukurasa kwenye mwanga wa dirisha, akakumbuka mkono wa rafiki yake. Mkandamizo wa babu ungekuwa umetokeza nyuma. Wa mtoto usingetokeza. Alijaribu kupapasa, akatikisa kichwa. Mama naye akajaribu, akaviangalia vidole vyake. "Vyangu vimekufa kwa jembe," alisema. "Havisikii kitu. Lete vyako."

Tulikaa meza moja, watu ishirini wametuzunguka. Mama alishika kalamu ya wino mwekundu na kunionyesha nukta, mimi nikapapasa nyuma yake na kusema. Ya babu. Yangu. Yangu. Ya babu. Kila niliposema yangu aliikata na kushusha pumzi, na kila pumzi iliniuma kuliko kofi nililoliogopa. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Nyuso zile zote zilinitazama, na ukurasa ulikuwa unawiva wekundu wa dhambi yangu. Tulipofika mstari wa mwisho ilibaki nukta moja, kabla ya neno la kumalizia. Nilipapasa. Karatasi ilikuwa laini kabisa.

"Ya babu," nilisema.

Jumapili ile wimbo uliimbwa, nao ulikuwa mzuri mno. Ulipanda bila kigugumizi, na pale mwishoni, kwenye nukta yangu, kwaya nzima ilinyamaza nusu pigo kisha ikashuka kwenye neno la mwisho. Mzee Otmar alifuta macho. Baadaye aliwaambia watu kwamba pale ndipo marehemu alipovuta pumzi yake. Watu walilipenda neno hilo, likazoeleka. Nimeusikia wimbo ule katika misa za mazishi zisizohesabika, na kila kinapofika kimya kile wazee huinamisha vichwa, nami huangalia viatu vyangu.

Siku hizi sidii hazikodishwi tena, duka la mjomba Majengo linauza vifuniko vya simu. Mwanzoni mwa mwaka huu mwalimu mpya wa kwaya, kijana mwenye kompyuta mpakato, alizichapa nota zote na kunitumia wimbo wa babu kwenye simu niuhakiki kabla hajausambaza. Ulikuwa safi, mistari imenyooka, nukta zote zina ukubwa mmoja. Niligusa kioo. Hakina nyuma ya kupapasa. Nikajua kwamba nikikaa kimya safari hii, hata mtu mwenye vidole vizima hataweza kumtofautisha babu na mimi tena.

Nilikwenda kwa mama Msamala mchana uleule. Alikuwa anachambua maharage. Nilimwambia yote, kuanzia kalamu ya bluu hadi karatasi laini. Aliuacha mkono ndani ya ungo.

"Niliazima vidole vyako, Winfrida," alisema. "Kwa kuwa vyangu havisikii."

"Nisamehe, mama."

"Itoe."

Niliitoa. Pasaka iliyopita kwaya iliimba wimbo wa babu kama alivyouandika, kwa mara ya kwanza. Walipofika mstari wa mwisho hawakusimama, waliteremka moja kwa moja hadi neno la kumalizia, na mama, aliyekaa kando yangu, aliimba nao bila kukosea. Mimi peke yangu nilinyamaza nusu pigo.