Sijawahi Kukaa Kwenye Benchi la Mkwe Wangu

Admin, jina langu libaki kwako. Wasomaji, shikamooni kwa mlionizidi umri, ingawa sidhani kama humu mmo. Wengine wote nawaitikia marahaba.

Mimi ni mwanamke wa miaka sabini na tisa, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naishi Somanda hapa Bariadi. Moyo wangu umechoka. Daktari hakunificha, na mimi sikumwomba anifiche. Naandika mwenyewe kwa simu, napumzika, naendelea, kwa sababu kuna jambo moja sitaki kufa nalo.

Nilijaliwa binti mmoja tu. Aliolewa na kijana wa Nkololo, mtoto wa wakulima wa pamba, miaka ile biashara zilipofunguliwa ikawa ruksa kwa kila mtu. Kabla ya hapo, ukitaka kula nje ya kwako katika mtaa wetu ulisubiri harusi au msiba. Mara vibanda vikaota kila kona. Mkwe wangu alijenga chake kando ya barabara, nguzo za miti, mabati juu, mabenchi marefu. Asubuhi supu na chapati, mchana wali na samaki wa ziwani, jioni michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa maziwa ya mgando. Hakuna aliyeshindwa bei yake. Jumapili familia zilitoka ibadani na nguo zao nzuri zikaenda kukaa pale, watoto wakigombania mrija wa soda moja. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi yetu watu wa Somanda. Walimu wenzangu walikula pale, mchungaji alikula pale.

Mimi sikuweza. Kwetu Wasukuma mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, na kula mbele yake ni kama kuvua nguo. Nimesoma na nimesomesha, lakini mila hiyo sikuipinga, wala yeye hakuipinga. Nilipopita barabarani aliacha mwiko kwenye sufuria akakimbilia nyuma ya mabati. Huko nyuma nasikia, "Mwadila, mayu!" Namwitikia salamu yake huku nimeinamisha mwavuli upande wake. Wateja nao hawakuwa na dogo.

"Mama mkwe huyo! Leo tunakula mkaa!"

"Mwalimu, pita upesi, chapati zinaungua!"

Na kweli zilikuwa zinaungua, harufu ilinifikia. Nikaona namharibia kijana kazi. Nikaanza kuzunguka kwa njia ya nyuma, kwenye mashamba ya mpunga, viatu vinajaa tope, ili tu yeye apike kwa amani. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani, na kwa mkwe husemi ila kwa kumtuma mtu?

Binti yangu aliniletea chakula cha pale kimefunikwa kwa kitambaa. "Haya mama, funga mlango, ule kama mwizi," ananicheka. Nami nilikula mpaka nikalamba vidole.

Kisha binti yangu akafariki akijifungua, na mtoto hakupona. Siku ya kuondoa matanga mkwe wangu aliomba kusema nami. Kaka yangu akasimama katikati yetu kama inavyotakiwa, kila mmoja ametazama upande wake.

"Mwambie mama namshukuru kwa binti yake," alisema. "Najua alitaka mkwe wa ofisini. Ndiyo maana aliacha hata kupita mbele ya kibanda changu. Sina kinyongo."

Nilikuwa nimeyasikia yote, lakini kaka ilimpasa kuyarudia. Nikasema, "Mwambie si hivyo. Nilikuwa naogopa chapati zake zitaungua."

Ndugu zangu, hata mimi nilisikia lilivyokuwa dogo neno hilo, kama kisingizio cha mtoto aliyechelewa shule. Mkwe akajibu, "Haya." Nimeishi na hilo "haya" miaka yote hii.

Alioa tena, na sikumlaumu. Mke wake huniita mama, na tangu nilipolala kitandani ndiye anayeniletea chakula kutoka mgahawani, maana sasa ni mgahawa kweli, una feni na viti vya plastiki, na mabenchi mawili ya zamani mkwe wangu amegoma kuyatupa. Mwezi huu nilimwomba amwambie mumewe kwamba chakula chake nakipenda, na tangu zamani nilikipenda. Alirudi ameinamisha kichwa.

"Nimemwambia, mama. Anasema mgonjwa hachagui."

Hapo nikajua maneno yameisha kazi. Nataka nipelekwe Jumapili baada ya ibada, niketi kwenye benchi lake mbele ya watu wote, nile, aone kwa macho yake. Kaka yangu amekasirika sana. "Dada, wewe utakwenda kupumzika. Yeye atabaki na aibu hiyo mpaka uzeeni. Unataka watu wamcheke kwamba mama mkwe wake alimfungulia kinywa hadharani?"

Mke wa mkwe wangu yeye ananiambia, "Njoo, mama. Nitakuwekea mto."

"Naye je?"

"Ah, yeye anaweza kukimbia mpaka Nkololo kwa miguu!"

Tulicheka hadi pumzi zikanikatika, akanishika mgongo. Baadaye nililia.

Nikienda akakimbia, nitakuwa nimemfukuza kwenye meza yake mwenyewe, mbele ya wateja wake. Nisipoenda, atanichimbia kaburi kwa heshima zote akiamini nilimdharau. Jumapili iko karibu na mimi sina nyingi. Nyinyi mlio na wakwe, na hasa nyinyi wanaume: mngependa mama mkwe wenu aingie, au apite? Nishaurini, wanangu, ningali naweza kumeza.