Mgeni Asiyetikisa Kikombe

Mpaka nilipofika miaka arubaini na moja, tena na cheti changu cha shule ya usiku kimetundikwa sebuleni, nilikuwa naamini kwa moyo wangu wote kwamba mtu aliyefichwa na wachawi hawezi kutikisa kikombe cha kahawa. Usicheke. Na wewe yapo uliyoyaamini.

Sisi watoto wa Wattaya, mtaa wetu wa Maskati, tuliambizana hivi: mchawi akimtaka mtu, humfanya aonekane kafa. Jamaa wanalia, wanazika, kumbe walichozika ni gogo la mtende, na mwenyewe yuko milimani anamchungia mchawi mbuzi. Huyo ndiye mughayyab. Hazeeki. Akitoroka utamjua kwa kahawa, maana kifundo cha mkono wake bado kimeshikwa na bwana wake, hawezi kukitikisa. Na akifika mlangoni kwa mama yake akamwamkia, basi Ijumaa haifiki, mama naye keshaondoka duniani.

Mjomba wangu Nasor alifariki nikiwa na miaka tisa. Watoto tulikuwa na yakini: gogo la mtende.

Sasa nnakusimulia yaliyonikuta, na kila neno ni kweli, isipokuwa labda hesabu.

Mwaka juzi mimi na binamu yangu Khalfan tulipanda baskeli kutoka Sur mpaka Maskati. Siku tatu. Upepo wa mbele ulikuwa unasukuma kama ukuta wenye miguu, na tandiko langu, Mungu anisamehe, lilitengenezwa na mtu asiyekaa. Siku ya tatu, alasiri, kwenye kilima cha njia panda ya Qantab, tuliteremka tukawa tunazikokota baskeli huku tunatukanana kwa Kiswahili chetu cha nyumbani.

"Wewe ndo uliyesema njia tambarare," Khalfan akanambia.

"Tambarare kwenye ramani!"

Nikageuka. Nyuma yetu palikuwa na mtu.

Alikuwa juu ya baskeli kuukuu yenye kikapu mbele, shati kafunga vifungo mpaka shingoni, anapanda kilima kile taratibu bila tone la jasho. Hakutupita. Tukisimama, anasimama. Tukienda, anakwenda. Nambie, mtu wa kawaida anafanya hivyo?

"Labda anataka kivuli chako," Khalfan akasema. "Maana kinatosha watu watatu."

Mimi sikucheka. Tukateremkia Al Bustan, tukazunguka mlima, tukaingia Matrah wakati adhana ya Magharibi inalia. Baada ya siku tatu za mawe na mbuzi, mji ule ulikuwa kama harusi ya watu elfu kumi! Taa zote za pwani zinawaka, watalii wametoka melini wamevaa kofia za Kiomani kinyumenyume, moshi wa ubani unakufuata mpaka ndani ya shati, na wauza mashali wanakuita kwa lugha saba, na ya nane ya mikono. Tuliposwali, tukaingia sokoni tunazunguka kama wageni, tunakula haluwa ya kuonja kila duka. Na kila nilipogeuka, kati ya vichwa vya watu, kikapu kile.

Tukafika kwa Mzee Hamud, muuza ubani, ambaye hakuna anayepita dukani kwake bila kukalishwa. Akatukalisha. Akamuona na yule mgeni amesimama nje na baskeli yake, akamwita kwa mkono. Jamaa akaingia, akakaa ukingoni mwa busati.

Mzee Hamud akanyanyua dele la kahawa, akamimina. Wewe unajua desturi: kikombe ukikirudisha bila kukitikisa, mwenyeji anamimina tena, ukitosheka, unakitikisa. Mimi nilitikisa cha tatu. Khalfan cha tatu. Mgeni akanywa cha tatu, akakirudisha bila kukitikisa. Cha nne. Cha saba. Mzee Hamud ananitazama kwa pembe ya jicho, lakini mkono unamimina, afanyeje? Dele likakauka, likaja la pili. Nakuapia alikunywa vikombe kumi na tisa. Khalfan anasema tisa, lakini Khalfan hajui kuhesabu.

"Rafiki yenu ana kiu ya mwaka mzima," Mzee Hamud akasema.

Hapo ndipo nikamtazama uso vizuri. Mwanya mbele. Nyusi ya kushoto imekatika katikati, kama imepitiwa na wembe. Uso ule naujua. Uko kwenye picha chumbani kwa bibi yangu, Bi Zuwena, mama yake Mjomba Nasor. Na umri ni uleule wa kwenye picha!

Nywele zilinisimama mpaka helmeti ikainuka.

"Samahani, kaka," akasema, kwa Kiswahili laini ambacho si chetu. "Nimewasikia kule njiani mkiongea. Nimeona haya kuwaita. Namtafuta Bi Zuwena wa Wattaya. Nyumba yenye mlango wa kijani."

Mlango ule ulipakwa rangi ya kahawia kabla mimi sijaota ndevu. Nani aliyemwambia kijani?

"Bi Zuwena kahama," nikasema upesi. "Nyumba imebomolewa."

"Wee! Bibi si yuko..." Khalfan akaanza. Nikamkanyaga mguu.

"Una nini naye?" nikamuuliza mgeni.

"Nataka kumwamkia tu."

Kumwamkia! Bibi yangu ana miaka themanini na kitu, asubuhi ile kanipigia simu kuniuliza kama nimekula. Nikaona Ijumaa inakuja. Nikasimama katikati ya duka, nikasoma Ayatul Kursi kwa sauti iliyofika bandarini, nikamnyooshea kidole: "Rudi ulikotoka!"

Yule mtu akaweka kikombe chini kwa mikono miwili, kimejaa, hakumwaga hata tone.

"Sawa, kaka. Samahani kwa usumbufu."

Akachukua baskeli yake akaingia kwenye watu. Nilitoka nyuma yake hatua tatu tu. Hayupo. Hata mlio wa gurudumu sikuusikia.

Nikaenda Wattaya kifua mbele kama jemadari, nikamhadithia Bibi nilivyomwokoa. Aliniuliza nyusi ipi. Nikamwambia ya kushoto. Akaweka tasbihi chini.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa baada ya swala nakwenda Qantab kwa baskeli. Nimeuliza wavuvi, nimeuliza dukani, nimeuliza walinzi wa hotelini. Hakuna anayemjua mtu wa baskeli yenye kikapu, na wote wanasema kilima kile hakuna anayekipanda bila kuteremka baskelini. Khalfan alipiga picha nyingi siku ile; katika zote, nyuma yetu ni barabara tupu. Sijui nilimfukuza nani. Mlango wa Bibi sasa ni wa kijani, nimeupaka mwenyewe mara mbili, na jioni anataka uachwe wazi.

Kwa hivyo wewe unayesoma, ukikaa na mgeni asiyetikisa kikombe, shika ulimi wako. Mmiminie tena. Muulize jina lake. Mimi sikumuuliza.

Maana usiku ule, nilipomaliza kujisifu, Bibi alinambia maneno machache, bila kupandisha sauti:

"Nasor hakufichwa na mtu. Aligongwa na gari, na uso wake niliufunua mimi kabla hawajamchukua. Alimwacha mke Tabora, ana mimba. Ikaja barua, hatukuijibu. Yule hakutikisa kikombe kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyemfundisha."